Kodi na Hodi

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:10-11



Katika Torati kuna amri ndogo ambayo haisomwi mara nyingi kanisani. Inamhusu mtu aliyemkopesha jirani yake, na sasa anakwenda kuchukua rehani. Mtu huyo ana haki yake. Mali ni yake, na mapatano yamefanyika. Hata hivyo Mungu anamkataza asiingie nyumbani mwa mdeni. Anaagizwa asimame nje, na mdeni mwenyewe ndiye amtolee rehani hiyo.

Kwa nini asimame nje? Kwa sababu akiingia ataona mengi yasiyomhusu: chungu kisicho na kitu, kitanda kilichochakaa, mgonjwa aliyelala pembeni. Tena huenda akatamani kitu kingine kizuri zaidi kuliko kile walichopatana. Mdeni ni maskini, lakini mbele ya Mungu mlango wake ni mlango. Haki ya mwenye kudai inafika kizingitini, na hapo inangoja.

Tumelikumbuka neno hili kwa ajili ya jambo linalowapata wengi, yaani kuuzwa kwa nyumba zenye wapangaji ndani. Hapa Lutindi, na huko chini Korogwe na Mombo, wako walimu, wauguzi, vijana wa biashara na wajane wanaokaa katika chumba kimoja au viwili vya kupanga. Mwenye nyumba akipatwa na haja huiuza nyumba yake. Hiyo si dhambi. Huenda ana mgonjwa wa kutibiwa, au watoto wa kusomesha. Mnunuzi naye hana budi kuona anachonunua. Wazee walisema nyumba njema si mlango, na kweli hakuna mwenye akili atakayetoa fedha zake kwa kutazama bati akiwa barabarani.

Taabu huanza pale ambapo haja ya kuuza inamfanya mwenye nyumba asahau kwamba ndani mna mtu.

Tulielezwa habari ya mama mmoja mpangaji, si mbali na sisi. Kodi yake alikuwa ameilipa mbele, miezi sita kamili. Siku moja alirudi kutoka shambani akakuta mlango wa chumba chake u wazi. Dalali alikuwa amepewa ufunguo wa akiba. Pazia lilikuwa limevutwa, watu watatu wamesimama kando ya kitanda chake, na mmoja wao anapiga picha kwa simu. Juu ya meza ilikuwapo kadi yake ya kliniki pamoja na dawa zake. Hakuibiwa hata sindano. Lakini kabla ya Jumapili, watu waliokuwa wakiteka maji bombani walikwisha kujua yule mama anaumwa nini. Akahama kabla ya miezi yake kwisha. Mwenye nyumba alipoulizwa, alijibu, "Nyumba ni yangu. Nimemchukulia nini?"

Ndugu zetu, alimchukulia sitara yake. Kitu kilichoibwa huweza kununuliwa kingine. Siri iliyokwisha kutoka nje hairudi ndani.

Yafaa tujue kwamba hata sheria ya nchi yetu haimwachi mpangaji hivi hivi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, kwa mabadiliko yaliyofanywa mwaka 1984, ina ibara ya 16, nayo inampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, jamaa yake na maskani yake. Haikusema maskani ya mwenye hati tu. Tena Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inamhesabu mwenye kupangisha kuwa ameahidi jambo hili: mpangaji anayelipa kodi na kushika masharti atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuingia kukagua hali ya nyumba yake, lakini kwa wakati ufaao. Saa ambayo mpangaji hayupo wala hana habari, wakati huo unamfaa nani?

Wengine husema, "Mpangaji ni mpita njia tu, ana nini cha kuheshimiwa?" Hao na wasome mwisho wa kitabu cha Matendo ya Mitume. Mtume Paulo, akiwa mfungwa mjini Rumi, mwenye askari wa kumlinda, alikaa miaka miwili katika nyumba ya kupanga. Na Maandiko yanaihesabu nyumba ile kuwa yake. Alilipa, akakaa, akawakaribisha wote waliomwendea. Tazameni basi: hata mfungwa alikuwa na mlango ambao yeye ndiye alisema, "Karibu."

Nasi wa Lutindi tuna sababu yetu ya kulielewa jambo hili. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya ndugu zetu Walutheri, ambayo kwa ajili yake jina la mlima huu linajulikana mbali, haikuanza kuwa hospitali. Ilianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliotolewa katika utumwa. Kazi ya wagonjwa ilifuata mwaka 1904. Na utumwa ni nini? Mtumwa hulala alipowekwa, na kila mwenye nguvu humwingilia bila hodi. Kumpa mtu uhuru ni pamoja na kumpa mlango ambao mwingine hana budi kuubisha. Tusije tukamrudisha jirani yetu nyuma kwa sababu tu analala chini ya bati letu.

Wakati tulipokuwa katika chuo cha ualimu, tulilala wengi katika bweni moja, na kila mmoja alikuwa na sanduku lake. Bweni lilikuwa la chuo, vitanda vilikuwa vya chuo, na mkaguzi alipita apendavyo. Lakini sanduku lilifunguliwa na mwenyewe, naye akiwapo. Hakuna aliyeona kwamba chuo kimepungukiwa na mamlaka kwa ajili ya sanduku lile.

Basi tufanye nini?

Kwanza, wewe mwenye nyumba, mwambie mpangaji wako mapema kwamba unauza, asilisikie kwa dalali. Patana naye siku na saa ya kuwaleta wanunuzi, naye awepo au amweke mtu wake. Asipigwe picha ya kitanda chake wala vyombo vyake bila ridhaa yake. Mnunuzi naye aambiwe kweli kwamba ndani mna mtu, na kodi yake imelipwa mpaka lini. Anayepokea kodi asisahau hodi.

Pili, wewe dalali na wewe mnunuzi, tazama ukuta, dari na sakafu, kwa maana hivyo ndivyo vinavyouzwa. Uliyoyaona mengine yaache mle mle.

Tatu, wewe mpangaji, usiifanye haki yako kuwa silaha. Ukiombwa saa ya haki, itoe. Usijifiche wala usiisingizie nyumba ubovu ili mnunuzi akimbie. Lipa kodi yako, fagia chumba chako, na vitu vyako vya siri viweke pa siri. Mwenye nyumba naye huenda ana machozi usiyoyaona.

Wapendwa, katika kitabu cha Mambo ya Walawi Mungu aliwaambia Israeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni na wapangaji kwake. Neno hilo linatuhusu sote, mwenye hati na asiye nayo. Ikiwa yuko Mmoja ambaye angeweza kuingia kila chumba bila kuuliza, ni yeye. Lakini katika Ufunuo tunamwona Bwana wetu, mwenye mbingu na nchi, amesimama mlangoni anabisha, anangoja kufunguliwa. Nyumba ni yake, kizingiti ni chake, na bado anabisha. Mtumwa si mkuu kuliko bwana wake. Basi nasi tubishe.

Mungu azilinde nyumba zetu, tunazomiliki na tunazopanga, na wote wakaao ndani yake. Amina.