Kuukaza Uso Uliozeeka

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jueni, ndugu zetu Waislamu, ya kwamba watu hutuuliza hukumu ya kuukaza uso uliolegea kwa uzee pasina kisu. Hupitishwa usoni chombo chenye kutoa joto la umeme au la mawimbi ya sauti yasiyosikika. Joto lile huingia chini ya ngozi na kuzisinyaza nyuzi ziishikiliazo, ambazo matabibu huziita kolajeni, kisha mwili hujenga nyuzi nyingine kwa muda wa miezi. Marekani ilikiruhusu chombo cha namna hii mwaka 2002 kwa makunyanzi ya kandokando ya macho. Wala faida yake haidumu. Mwenye kuitaka hurudi tena na kulipa tena.

Huku kwetu Mwanza kolajeni si ngeni. Mabondo ya sangara, ambayo asili yake ni hiyo hiyo, huuzwa kwa bei kubwa mpaka Uchina, na huko huliwa kwa kutarajia ngozi njema. Na mvuvi aliyemtoa sangara yule ziwani, uso wake umekunjamana kabla ya wakati, kwani jua ni adui mkubwa wa nyuzi hizo. Je, makunyanzi yale ni aibu, au ni ushahidi wa riziki ya halali?

Ama hukumu, katika hadithi sahihi wamelaaniwa wanawake watengao meno kwa kutafuta uzuri, wakibadili umbo la Mungu. Imamu wetu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alieleza ya kwamba wazee walifanya hivyo ili waonekane vijana. Na kwamba likifanywa kwa dawa au kwa kasoro ya jino, halina ubaya. Naye Arfaja, aliyekatwa pua vitani, Mtume alimwamuru atie pua ya dhahabu. Basi aliyeungua uso akitibiwa hana lawama, maadamu tabibu ni mjuzi na hapana madhara. Ama afichaye miaka yake, twaona yu karibu na lililokatazwa, khasa akimdanganya mchumba. Kwani Mtume alipohimiza dawa aliutoa uzee, akaeleza ya kuwa huo hauna dawa.

Mtu atasema: mbona hina yaruhusiwa? Twajibu: Abu Quhafa, babake Abubakar, alipoletwa siku ya kufunguliwa Makka hali kichwa chake ni cheupe, Mtume aliamuru kibadilishwe rangi, lakini akakataza weusi. Hina huzipamba mvi. Haidai ya kwamba mwenyewe ni kijana.

Lakini tusiwalaumu wanawake peke yao. Yuko mume ambaye mkewe amemzalia, amempikia na kumuuguza miaka thelathini, naye akaaye barazani humcheka kwa mashavu yaliyoanguka, na macho yake yamo katika mabinti wa watu. Mke huyo akenda kuukaza uso wake kwa fedha ya akiba, ni nani aliyemsukuma? Wajibu wetu wa kwanza, enyi wanaume, si kufungua vitabu ili tumhukumu. Ni kufunga vinywa vyetu, na kuyatazama makunyanzi yale kama mtu atazamavyo hati ya deni analodaiwa yeye. Ulimi wa mume ukitengenea, chombo kile kitakosa wateja wengi.

Mwenyezi Mungu atujaalie uzee mwema. Amin.