Uyoga na Adabu ya Kutojua

Katika lugha yetu, jambo lililozuka ghafla na lisilo na mizizi husemwa kuwa limeota kama uyoga. Vibanda vikijengwa bila mpango, vimeota kama uyoga. Vyama visivyo na wanachama navyo vimeota kama uyoga. Msemo huu umetuzoesha kuudharau uyoga wenyewe. Lakini mtu aliyewahi kwenda porini kuuchuma hawezi kuudharau, kwa sababu anajua kwamba mkononi mwake ameshika ama kitoweo ama mauti, na kwamba macho yake peke yake hayatoshi kumwambia ameshika kipi. Hapo ndipo linapozaliwa swali tunalotaka kulichunguza: ni wakati gani mtu ana haki ya kusema kwamba anajua?

Swali hili lilitukuta siku moja ya mwezi wa Januari, tulipotembea kwa miguu pamoja na wanafunzi wetu katika miombo iliyo kusini ya Tabora. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ardhi ilikuwa laini chini ya majani yaliyooza. Aliyetuongoza alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye alikuwa akichuma uyoga tangu utoto wake. Wanafunzi walitawanyika kwa furaha, na haukupita muda mrefu kikapu kikajaa. Bibi aliketi juu ya gogo, akakimwaga chote, akaanza kuchambua. Karibu nusu ya mavuno yetu aliitupa. Kijana mmoja, hodari sana darasani, alisikitika kuona uyoga wake mkubwa mweupe umewekwa kando juu ya jiwe.

"Bibi, huo si mbaya. Nadhani ni sawa na ule uliouacha kikapuni."

"Unaujua, au unadhani?"

"Nadhani, Bibi."

"'Nadhani' haipikwi, mjukuu wangu."

Kijana akauliza kama basi ule uyoga una sumu. Bibi akajibu kwamba hajui. Hakusema una sumu, wala hakusema hauna. Alisema tu kwamba haujui, na kitu asichokijua hakiingii chunguni mwake. Tunakiri kwamba sisi walimu tulishtuka kidogo. Tulikuwa tumetazamia hukumu, nasi tukapewa mpaka wa elimu.

Yamkini msomaji atasema kwamba elimu ya bibi huyu si elimu bali ni kuamini tu, kwa kuwa aliipokea kwa mama yake, naye mama kwa bibi yake. Je, hatuwafundishi vijana wetu kwamba sayansi ni kujaribu mwenyewe na kuona kwa macho? Hoja hii ina nguvu, na haifai kupuuzwa. Lakini uyoga ni mahali ambapo kujaribu mwenyewe hakufai kitu. Wako uyoga wa jamii ya Amanita wenye sumu ambayo dalili zake hazionekani ila baada ya saa 6, na pengine hata 24. Mlaji hulala salama, naye huenda akajisifu kwamba amefaulu. Baadaye hutapika na kuharisha, kisha huonekana amepata nafuu, kumbe ini lake linaendelea kuharibika. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Tena katika jamii hiyohiyo ya Amanita umo uyoga unaoliwa miaka nenda miaka rudi katika nchi za miombo; kwa hiyo hata udugu si ushahidi. Wako wanaosema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama kwa binadamu. La hasha! Konokono na wadudu hula bila kudhurika uyoga unaoweza kumuua mtu.

Basi aliyepokea elimu ya uyoga kwa mama yake hakupokea uvumi. Alipokea majaribio ya watu wengi waliomtangulia, ambayo baadhi yao waliyalipia kwa maisha yao. Na aliipokea pamoja na mipaka yake: uyoga huu, chini ya mti huu, katika msimu huu. Uyoga wa vichuguuni, kwa mfano, hutambulikana kwa shina lake refu linaloshuka ardhini hadi kwenye shamba la mchwa. Ndiyo, shamba, mchwa huyuhuyu tunayemlaani kwa kutula milango hutafuna miti, akairundika chini ya ardhi na kuotesha humo ukungu unaomsaidia kupata chakula katika miti hiyo. Uyoga tunaouona baada ya mvua ni sehemu tu ya kazi iliyoendelea gizani muda mrefu. Msemo wetu, kwa hakika, umeukosea uyoga heshima.

Mipaka hiyo ikisahauliwa, hata elimu ya kweli huua. Mwaka 2015 huko Ujerumani, wakimbizi kadhaa waliugua vibaya baada ya kula uyoga wa porini uliofanana na ule walioujua kwao. Watu hao hawakuwa wajinga. Walijua vizuri; ila walichokijua kilikuwa cha nchi nyingine.

Tunaporudi shuleni, jambo hili linatuchoma. Katika mitihani yetu mwanafunzi asiyejua huambiwa asiache nafasi tupu. Abahatishe, huenda akapata alama. Mwalimu naye akiulizwa asichokijua, mara nyingi huona haya kusema hivyo mbele ya darasa, akatunga jibu. Hatudai kwamba kubahatisha kwenye karatasi kunaua mtu. Lakini mazoea hayo huhitimu pamoja na mwanafunzi; humfuata zahanati atakakotoa dawa, na kiwandani atakakosimamia mashine.

Elimu ya bibi yetu yenyewe imo hatarini. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushirikiana na miti: nyuzi zake huizunguka mizizi, zikaipa maji na chumvi za udongo, nayo miti ikazilipa kwa sukari. Mti ukikatwa kwa ajili ya mkaa au wa kukaushia tumbaku, uyoga wake nao hutoweka, na jina lake hubaki bila kitu cha kuliitia. Wataalamu Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walifanya kazi ya kushukuriwa walipotoa kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania mwaka 2003. Hata hivyo, kitabu hakiketi juu ya gogo kumwuliza kijana kama anajua au anadhani.

Jioni ile tulikula ugali kwa uyoga uliopikwa kwa karanga. Yule kijana alikula pamoja nasi, lakini uyoga wake mweupe alikuwa ameufunga katika jani. Kesho yake aliupeleka kwa mzee mwingine wa kijiji. Mzee aliugeuza, akaunusa, akatazama kwa makini mikunjo iliyo chini ya kofia yake. Naye akasema hajui.