Mvuke wa Bure

Siku ya Jamhuri, huku kwetu Msambweni, vijana wa maskani tuliingiza kiwanda kwenye maandamano. Kiwanda cha mabati na kadibodi juu ya mkokoteni. Ndani tuliweka jiko la makaa na sufuria kubwa ya maji, mvuke ukatokea kwenye bomba. Watoto walipiga kelele mpaka skauti wakapoteza hatua.

Wazee hawakuhitaji kuambiwa kwamba ni Ramisi, kiwanda cha sukari kilichofungwa 1988, kabla sisi kuzaliwa. Kwenye kiwanda cha sukari makapi ya miwa huchomwa, maji yanachemka, mvuke unazungusha mashine, na mwisho wa mwezi mtu anapokea mshahara wake. Mvuke wetu haukuzungusha chochote. Ulikuwa wa kutazamwa tu. Mkokoteni tuliusukuma sisi sita, mchangani, bure.

Mimi ndiye niliyekwenda maskani kuomba watu wajitolee. Mmoja akaniuliza, "Unalipa ngapi?" Nikamwona mchoyo. Vijana wa siku hizi, nikasema moyoni, kama mzee wa miaka sabini. Lakini huyu ni mtu wa bodaboda. Saa tatu za kusukuma kadibodi ni saa tatu bila abiria. Wakati wa kampeni hulipwa atembee na kupiga kelele vilevile. Na mimi mwenyewe, nikiombwa kuandika makala bure ati "utajulikana", hununa wiki nzima.

Nilijitetea kwamba hii ni tofauti, huku hakuna anayefaidi. Hivi kweli? Waliokaa chini ya hema walipata burudani na maji ya chupa. Tena nilimwomba mbele ya wenzake wote, mahali ambapo kusema hapana ni aibu. Mtu wa namna hiyo amejitolea, au ametolewa?

Hata hivyo alikuja. Alisukuma nyuma kabisa, kwenye moshi. Karibu na uwanja mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Ramisi akatoka pembeni, akashika mkokoteni kando yake, wakasukuma pamoja bila kusemezana. Huyo hakuna aliyemwomba.

Jioni niliwanunulia wote viazi karai. Yule mwenzangu akala viwili, akaniangalia.

"Hii si malipo, sivyo?"

"Sivyo."

"Basi deni liko palepale," akasema, na kuomba aongezewe ukwaju.