Je, Kushika Mkongojo ni Aibu?

Wapo watu ambao, mguu unapodhoofika, huona heri kujifungia nyumbani kuliko kuonekana na mkongojo. Hudhani kuegemea ni kuvunjiwa heshima. Je, dhana hiyo ni ya haki?

Katika Sura Ta Ha twasoma kwamba Nabii Musa a.s. alipoulizwa ameshika nini mkononi, alijibu bila haya kuwa ni fimbo yake aiegemeayo, na kwayo huwaangushia kondoo wake majani. Aliegemea, na huku alichunga. Basi kuegemea hakumwondolei mtu kazi yake, bali humwezesha kuifanya.

Mkongojo nao una adabu zake. Kimo chake kifike kwenye kiwiko cha kiganja, mkono ukiwa umening'inia. Ushikwe upande wa mguu mzima, nao utangulie pamoja na mguu dhaifu. Katika kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Katika kushuka, mkongojo na mguu dhaifu. Aonaye haya kujifunza hayo hujitia katika hatari ya kuanguka, kisha akawa mzigo kwa wale wale aliochukia kuwategemea.

Asiyeweza kusimama katika sala ameruhusiwa kuketi, wala hakusamehewa kusali. Hali kadhalika, ewe mwenye mkongojo, jirani yako mgonjwa angali anakungoja. Toka, ukamtazame.