Mkono wa Kuazima

Wahenga walisema, punda afe, mzigo ufike. Methali hii tumezoea kuisema kwa kicheko, lakini ndani yake mna swali zito: tuna wajibu gani kwa mtu ambaye tunajua kwamba kesho hatakuwa wetu?

Swali hili lilinijia kwa kufuatilia besiboli ya Marekani. Katika mchezo huo mtupaji wa mpira ndiye nguzo. Wa kwanza akichoka, kocha huita mmoja wa watupaji wa akiba, wanaongoja kando ya uwanja. Aliye hodari kuliko wote kwa kawaida huwekewa kipindi cha 9, ambacho ndicho cha mwisho, akatupa mipira 15 au 20 hivi. Bega na kiwiko ni nyama na mishipa. Vikitumika mno bila kupumzishwa, huchakaa.

Julai 2016 timu ya Chicago Cubs, ambayo haikuwa imetwaa ubingwa tangu 1908, ilimchukua Aroldis Chapman kutoka New York Yankees kwa kutoa wachezaji wanne. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwaka huohuo. Katika fainali, Cubs wakiwa nyuma kwa michezo 3 kwa 1, kocha Joe Maddon alimtupisha mipira 42 katika mchezo wa tano. Wangeshindwa siku ile wangeaga. Hapo sina neno. Lakini katika mchezo wa sita aliitwa tena, timu ikiongoza 7 kwa 2, na hata ilipofika 9 kwa 2 akarudishwa kuanza kipindi cha mwisho. Kesho yake, katika mchezo wa saba, Rajai Davis wa Cleveland aliupiga mpira wake ukatoka nje ya uwanja, wakawa sare 6 kwa 6. Cubs walishinda 8 kwa 7 katika kipindi cha 10. Desemba Chapman alirudi Yankees kwa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 86, akasema wazi kwamba hakukubaliana na jinsi alivyotumiwa.

Mahali pake Cubs walimleta Wade Davis, naye akiwa amebakiwa na mwaka mmoja tu wa mkataba. Oktoba 2017 alitupa mipira 44 katika mchezo uliowatoa Washington Nationals mashindanoni. Msimu ulipokwisha, akaenda Colorado.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2012 haohao Nationals walimpumzisha mtupaji wao kijana, Stephen Strasburg, mwezi Septemba, kwa kuwa alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2010. Waliingia kwenye mtoano bila yeye, wakatolewa. Huyu alikuwa wao kwa miaka kadhaa mbele. Je, ile ilikuwa huruma, au hesabu? Mwenye shamba hulitia mbolea. Aliyelikodi kwa msimu mmoja hulilima mpaka likachoka.

Wapo watakaonijibu kwamba watu hawa hulipwa mamilioni, tena walikubali. Ni kweli. Lakini malipo hununua kazi, hayanunui mwili. Na ridhaa ya mtu anayetafuta mkataba mpya ina walakini: nani atasema amechoka huku waajiri wa kesho wanamtazama? Wengine watasema, si walishinda? Walishinda, lakini kushinda hakuthibitishi kwamba njia ilikuwa halali.

Mimi naona kipimo ni kimoja. Kabla ya kumwita mtu, jiulize: ningemwita kama mwakani ningemhitaji? Kwa mchezo wa tano, nadhani jibu ni ndiyo. Kwa ule wa sita, sioni jibu jingine ila hapana. Na kipimo hiki, ndugu msomaji, si cha uwanjani tu. Kibarua wa siku na mtumishi anayeondoka mwisho wa mwezi, wote ni mikono ya kuazima. Kumtunza aliye wako si sifa kubwa, maana hata mchoyo hutunza chake. Utu wetu hupimwa kwa hali tunayomwacha nayo yule anayeondoka.