Gari la Baba ni la Nani?

Hapa Buyenzi, mtaa wa mafundi, jirani yetu amefufua pikapu ya Peugeot 404 aliyoiacha marehemu baba yake. Kwa miaka sita, uani kwake, alibadilisha injini, giaboksi na sakafu, akachomelea milango. Sasa linatembea, na wadogo zake wanadai fungu lao la urithi. Yeye anajibu: "Gari la baba lilikufa. Hili nimelijenga mimi."

Wanafalsafa wana mfano wao wa kale, merikebu ya Theseus iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja. Sisi tunayo Liemba, ziwani Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kuipa jina jipya. Baadaye injini za mvuke zikaondolewa, zikawekwa za dizeli. Jina lilibadilika, mwenye nayo akabadilika, moyo ukabadilika. Hata hivyo tukisimulia historia yake tunasema ni meli moja.

Basi hoja ya vyuma vipya peke yake haimtoshi jirani yetu. Gharama zake arudishiwe, na jasho lake lihesabiwe (hili wadogo zake hawapendi kulisikia). Lakini hawezi kulikana gari mbele ya ndugu, kisha Jumapili akaliosha na kuwaambia wageni, "Hili ni la mzee." Kama alitaka gari tu, kwa nini hakununua jingine chakavu akalitengeneza? Alilitaka lile la baba, na baba aliacha warithi watano.