Jana mangaribi ulikaa na nani?

Siku hizi mutu akisema hapati usingizi, tunamwambia: kunywa kidonge, ao: uombe. Ni vema. Lakini wazee wetu wa Kivu wangemuuliza kwanza: jana mangaribi ulikaa na nani?

Mu vijiji vyetu barza ilikuwa nyumba ya wanaume, wazi kwa kila mupita njia. Jioni moto unawaka katikati, chakula kinatoka kila nyumba, wanakula pamoja. Pale kesi zilikatwa, kweli, na wengi wetu tunakumbuka hilo tu. Lakini babu yangu alituelezea jambo lingine: ukikosa siku mbili, siku ya tatu mutu anatumwa kwako. Hakuulizi una nini. Anakaa, anaomba moto, anaongea habari ya mashamba. (Wamama hawakukaa pale. Barza yao ilikuwa kisima na kinu, na pengine walisikilizana huko kutushinda.)

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, nyumba nyingi za Buhene ziliungua. Baba mmoja aliyepoteza yake alikuja kupanga mu lupangu ya jirani, huku kwetu Goma. Kila asubuhi nilimusalimia kwa mukono nikikimbilia kazi: «Habari?» «Ni muzuri.» Miezi mizima. Siku moja bibi yake akaniambia: «Papa, yeye halali. Anaangalia tu ukuta.» Niliona haya. Nilikuwa ninamuuliza habari kila siku, na hata siku moja sikungojea jibu.

Je, nilikuwa na deni kwake? Wengine husema kila mutu abebe moyo wake, na kuingilia huzuni ya mwenzako ni kukosa adabu. Ninakubali nusu: tunawajua wale wanaokuja kwenye kilio kutafuta maneno ya kupeleka. Lakini yule wa barza hakuchimba kitu. Alikaa tu.

Basi tukaanza: saa kumi na mbili jioni, viti vitatu inje ya mulango, telefone zinabaki ndani. Siku ya posho tunatembea kwa miguu mpaka ziwani. Sisemi viti vilimuponya. Muganga wa kituo cha afya alifanya kazi yake. Ila kabla ya viti vile alikuwa anakataa kabisa kwenda kumuona.

Sasa nikichelewa kazini, yeye njo anatuma mutoto kwetu kuuliza niko wapi.